Mguu wa Mama Kanku

Fundi akikuambia kwamba anaweza kutoa hewa kwenye breki peke yake, mshukuru kwa adabu, halafu peleka gari lako kwingine. Kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga pedali, mwingine yuko chini kwenye gurudumu, anafungua na kufunga skrubu ndogo ambayo hewa inatokea pamoja na mafuta. Anayekanyaga akiachia kabla skrubu haijafungwa, hewa inavutwa tena ndani na mnaanza upya. Kwa hiyo lazima muaminiane. Hapa Kamina nimekanyagiwa pedali na madereva, na askari, hata na padri mmoja mnene aliyekuwa akisinzia kati ya "pompa", yaani kanyaga, na "kamata", yaani shikilia hapo hapo. Siku ninayotaka kuieleza, aliyekanyaga alikuwa Mama Kanku, mke wa jirani yangu Katende.

Ulikuwa mwaka 1993, na Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa jirani, walikuwa wakifukuzwa mkoani kwetu. Sitaki kuzungusha maneno. Watu waliozaliwa huku, waliozika wazazi wao huku, waliambiwa warudi kwao, na huko kwao wengine hawakuwahi hata kupaona. Kituo cha treni kilijaa familia kutoka Likasi na Kolwezi, zimelala juu ya magodoro na masufuria yao zikingoja mabehewa, na watoto walikuwa wakifa kwa kuhara. Mimi ni Muluba wa hapa hapa Kamina. Mimi hakuna aliyenifukuza.

Katende alikuwa Mkasai, karani, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata Jumapili mchana. Alikuwa na Peugeot 504 yenye turubai nyuma, na usiku ule mke wangu Numbi aliposhikwa na uchungu mtoto akiwa amekaa vibaya, ni Katende aliyemkimbiza hospitali bila hata kuvaa viatu. Kwa hiyo alipokuja uani kwangu na kusema hatawalaza wanawe pale kituoni, kwamba anataka kupita barabara ya Kaniama mpaka Mwene-Ditu, mji wa upande wa Wakasai, nikasema sawa. Shida ilikuwa breki za mbele. Gari lilikaa miezi bila kutembea, na vibano vinavyobana diski, sisi tunaviita etriye, vilikuwa vimeshikana kwa kutu.

Shida ya pili ilikuwa vijana waliokuwa wakifanya kazi hiyo ya kufukuza. Siku zile, gari la Mkasai likionekana linatembea, halikumaliza wiki mikononi mwa mwenyewe. Nikapata akili, na niseme ukweli, niliionea fahari. Niling'oa magurudumu yote mawili ya mbele, nikaliweka gari juu ya mawe, nikafungua boneti na kutupa matambara juu ya injini. Nani ataiba maiti? Ila ili maiti ionekane maiti kweli, ilibidi kung'oa etriye zote mbili kwa mara moja, na hilo fundi hafanyi. Unamaliza kushoto, ndipo unahamia kulia, kila kitu kirudi kwenye nyumba yake. Mwalimu wangu alikuwa akitupiga kofi la kisogo kwa kosa hilo. Mimi nilizitupa zote mbili kwenye beseni moja la petroli, nikaanza kusugua.

Nikiwa nasugua, akaingia Gamaliel. Gamaliel ni kaka wa Numbi, shemeji yangu, na alikuwa mmoja wa hao vijana, tena mwenye sauti. Alisimama langoni akiangalia gari.

"Shemeki, ile gari ya Mukasai unaitengeneza?"

"Hii mufu? Niko nang'oa bipande tu. Benyewe bataenda na train, gari itabakia."

Akacheka. "Muzuri. Bipande tutagawana. Lakini usifanye kazi ya bale bantu, shemeki. Benzetu banakuangalia."

Alienda zake. Tangu dakika ile nilikuwa na hamu moja tu, gari lile litoke kwangu. Sikuwa tena namfanyia kazi Katende, nilikuwa najifanyia mwenyewe. Nikarudisha pistoni, nikafunga etriye kwenye diski zake, nikakaza bolti, yote chapuchapu. Zilikaa vizuri. Etriye ya kushoto inakaa kulia bila kulalamika, na ya kulia inakaa kushoto, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Kesho yake alasiri tukatoa hewa. Katende alikuwa amekwenda kutafuta mafuta ya safari, basi Mama Kanku akapanda kwenye usukani. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye utani, hata wiki ile. Alivua viatu akaniuliza kama mguu wa mke wa karani unatosha kwa kazi ya wanaume. Nilikuwa nimelala chini, kwenye nafasi ya gurudumu, na chupa na mpira mwembamba, sikucheka.

"Pompa, mama. Tena. Tena. Kamata!"

"Naikamata."

Nilifungua, mafuta yakatoka na mapovu kidogo, nikafunga. "Achia." Tukafanya hivyo mara kumi, kumi na tano. Mafuta yakaanza kutoka safi, bila povu hata moja. Kwa kawaida hapo pedali inakuwa ngumu, mguu unagota. Haikuwa ngumu.

"Kitwa," akasema, "inashuka tu, sawa kukanyaga bukari ya moto. Freni inakuwaka vile?" Bukari ni ugali wetu, na hapana, breki haziwi hivyo.

Tukarudia kushoto. Tukarudia kulia. Jua lilikuwa linashuka, na huko njiani nilisikia sauti za watu wanapita, na kila sauti ilikuwa ya Gamaliel. Hasira ikanipanda. Nina hasira za karibu, kila mtu mtaani anajua, na hasira yangu huwa haina adabu ya kutafuta mwenye kosa.

"Mama, weye njo unaachia mbele minyi sijafunga! Unarudisha mupepo! Mara ngapi nikuambie?"

"Siachie, Kitwa. Unasema kwanza, njo naachia."

"Unaachia! Muguu yako haisikie!"

Mara zilizofuata alikanyaga kwa nguvu zote, ameshika usukani kwa mikono miwili, anauma mdomo. Nilipomwambia aachie, alikuwa anachelewa kidogo makusudi, ili awe na hakika. Bado ilikuwa laini. Ukikanyaga mara mbili, tatu, upesi upesi, ilikamata. Nikasema basi, yatosha, nikarudisha magurudumu.

Katende aliporudi na madumu yake, akatikisa funguo kwa tabasamu, yuko tayari kwa jaribio. Hapa kwetu, aliyetoa hewa kwenye breki ndiye anayepanda gari hilo safari ya kwanza. Anakaa mbele kando ya dereva, gari linapelekwa kwenye mteremko unaoshuka relini, linashushwa mara tatu. Breki zikishika, fundi anashuka na kwenda kula. Zisiposhika, anaumia na yeye. Hiyo ndiyo dhamana yetu, hatuna nyingine. Lakini juu ya mteremko ule ndipo vijana walipokuwa wakikaa siku zile, na mimi niliona picha yangu nimekaa kando ya Mkasai mbele ya macho ya Gamaliel.

"Papa Katende, tumbo iko naniluma mubaya," nikasema. "Hii freni haina neno. Iko teke, laini kidogo, itakomaa mu njia. Ukipompa mara mbili, inakamata."

"Weye njo fundi," akajibu, na akanishika bega. Jaribio la mteremko tukaliacha.

Waliondoka alfajiri, saa kumi na moja na nusu, yeye na mkewe mbele, watoto watatu nyuma chini ya turubai. Nilisimama nyuma ya pazia. Nilisikia gari likipita, nikarudi kitandani kwa furaha, Mungu anisamehe, kwa furaha ya mtu aliyeshusha mzigo.

Mchana, karibu saa saba, Numbi alikuwa akifua. Akaniita.

"Kitwa, hii shimizi ulienda nayo wapi? Mugongo yote iko vumbi na mafuta."

"Si nilikuwa nafanya freni."

"Freni unafanyaka umechutama," akasema, akilikung'uta lile shati langu. "Tangu lini unalala chini ju ya freni?"

Numbi si fundi, lakini amefua nguo zangu miaka tisa. Alikuwa amesema kweli. Skrubu ya hewa inakaa juu ya etriye, kwa sababu hewa hupanda juu, kama kwenye chupa ya maji. Unachuchumaa, unaifungua kutoka juu. Mimi jana nililala chali kwa sababu skrubu zilikuwa chini, na zilikuwa chini kwa sababu etriye ya kushoto nilikuwa nimeifunga kulia na ya kulia kushoto. Kwa hasira zangu zote sikuuliza kwa nini nimelala kwenye vumbi. Nilikuwa nimetoa mafuta tu, na hewa nimeiacha imekaa juu pale, imestarehe. Mama Kanku hakuwa ameachia pedali hata mara moja.

Nilimwambia Numbi yote kwa pumzi moja. Akashika kichwa. Halafu, kwa sababu yeye ndiye mwenye akili nyumbani kwetu, akasema: "Foni! Kimbia kwa Ismaeli!"

Ismaeli alikuwa mfanyabiashara, ukoo wa watu waliokuja zamani kutoka Maniema, mwenye duka la chumvi na vitambaa. Alikuwa na foni, ile redio ya kusemea na watu wa mbali, na ndugu yake alikuwa na ghala Kaniama, mwanzoni mwa mji, mahali ambapo kila gari husimama kupoza injini na kunywa maji. Kila siku saa saba wawili hao walisemezana, na Ismaeli alipeleka salamu za mtu yeyote bila kudai kitu. Kutoka Kamina mpaka pale barabara ni tambarare kiasi. Miteremko mibaya inaanza mbele ya Kaniama. Nilipiga hesabu huku nakimbia. Kwa barabara ile, walikuwa hawajapita Kaniama. Sentensi moja ilitosha: Katende asiendelee, Kitwa amekosea breki.

Niliingia dukani nahema. Foni ilikuwa inanguruma, sauti ya Kaniama inasikika safi. Na juu ya gunia la chumvi alikuwa amekaa Gamaliel, pamoja na wenzake watatu, wanakula karanga.

"Shemeki!" akasema. "Unakimbia nini? Na ile mufu yako leo sikuiona pa mawe. Ilifufuka?"

Wenzake hawakucheka. Walikuwa wananitazama.

Ismaeli alishika kisemeo mkononi, kitufe kimebonyezwa. "Kitwa! Kitwa, uko na maneno ya Kaniama? Sema mbio, niko nafunga."

Kwenye foni hakuna kunong'ona. Unasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, na mji mzima unasikia. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa nalionja kabisa. Niliangalia mikono ya wale vijana, nikawaza juu ya nyumba yangu ya matofali na beseni langu la vifaa, nikawaza, pengine Katende ataendesha polepole, pengine breki itakomaa kweli. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

"Hapana," nikasema. "Natafuta sabuni."

Nilinunua kipande cha sabuni na kurudi nyumbani. Numbi alikuwa amesimama langoni. Nikamwambia foni haikukamata, kelele tupu, Kaniama hawakusikia kitu. Akasema tumwachie Mungu. Gamaliel hakuja kuniuliza tena habari za gari. Hilo tu ndilo nililolipata.

Siku ya sita dereva wa lori alileta habari. Ile 504 ilikuwa imeshuka mteremko mrefu wa mtoni saa kumi alasiri siku ileile, na haikusimama. Ilipita kando ya daraja. Watoto walirushwa kwenye majani wakaumia kidogo, mama alivunjika mkono, na Katende alibanwa na usukani akafa papo hapo. Watu walitikisa vichwa na kusema barabara mbovu. Numbi alilia, akaniambia nisijilaumu, kosa la mkono ni la binadamu, tena nilijaribu. Nilimwacha anifariji. Wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi niliambiwa pole kila siku kwa miezi, na nilijibu asante.

Mwaka 1997, vita ilipokwisha kupita kwetu na kuelekea Kinshasa, treni zikaanza tena kutembea kidogo kidogo. Mchana mmoja nilikuwa uani na Numbi, nikaona mwanamke mrefu anaingia langoni na kikapu. Nilimjua kabla hajasema. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi. Alikuwa anafanya biashara ya samaki wakavu, anapita Kamina kwenda Bukama kununua, na alikuwa na saa mbili kabla ya treni.

Numbi alimkumbatia wakalia pamoja. Akamletea kiti na maji. Mama Kanku alikunywa, akaweka kikombe chini, akanigeukia.

"Kitwa, sikuya kukusumbua. Niko na neno moja tu, na hakuna mwingine wa kuuliza. Batoto banasema hapana, lakini ile siku babo habakuwa pale. Tulikuwa weye na minyi." Alinyoosha mguu wake wa kulia mbele, akauangalia kama kitu cha mtu mwingine. "Uliniambia naachia mbele haujafunga. Ni kweli niliachia? Sababu Katende alikuwa anapompa, anapompa, na freni haikamate. Myaka ine naona muguu yangu njo ilimuua."

Nakuambia, sijawahi kusikia aibu kama ile. Nilimkaripia kwa kosa langu, nikasahau kabla ya jioni, na yeye alikuwa amelibeba neno lile tangu kwenye kaburi la mumewe mpaka siku ile. Nilishuka kwenye kiti, nikapiga magoti mbele yake kwenye oili na vumbi.

"Hapana, mama. Haukuachia hata mara moja. Ni minyi. Nilifunga etriye ya kushoto kulia, na ya kulia kushoto. Mupepo ilibakia ndani. Hata ungepompa mwezi muzima, haingetoka."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza tena, kwa mikono, juu na chini, kushoto na kulia. Alipoelewa, uso wake ulifunguka. Sikutegemea hilo. Nilitegemea matusi, nilikuwa nayataka. Alifunika mdomo, machozi yakamtoka, na akawa anacheka katikati ya machozi, anapigapiga paja la mguu ule. Kisha akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtoto wake.

"Kitwa, Kitwa. Mukono inakosaka. Hata Katende angesema vile. Aksanti kuniambia. Wengine bangeficha." Akapangusa macho. "Na weye ulijua lini?"

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Alikuwa amekwisha kunisamehe, mikono yake bado iko kichwani mwangu. Nikasema: "Nyuma, mama. Kisha kusikia habari ya kifo."

Numbi aliinuka. Aliona kama najionea, najinyima sifa yangu, na yeye hawezi kuvumilia mtu anionee, hata mimi mwenyewe.

"Kitwa, ju ya nini unasema vile? Mwambie yote." Akamgeukia Mama Kanku. "Alijua ile siku yenyewe, mama, muchana, minyi njo nilikuwa nafua shimizi yake. Alikimbia kwa Ismaeli ku foni, alikimbia sawa mwenda wazimu, abaambie Kaniama bawasimamishe. Foni haikukamata. Ile si kosa yake."

Mama Kanku alitoa mikono yake kichwani mwangu. Hakuitoa kwa ghafla. Aliiweka mapajani, mmoja juu ya mwingine.

"Foni ilikuwa inakamata," akasema.

Numbi akasema labda ilikuwa siku nyingine.

"Ile siku yenyewe, mama. Tulikuwa pale kwa ndugu ya Ismaeli, tunakunywa maji. Tulisikia Ismaeli anaita, 'Kitwa! Kitwa!' Katende akafurahi sana. Akasema, 'Sikia, tumbo yake imepona, iko anakuya kutusalimia.' Akasimama pale karibu ya ile foni, akangojea. Batoto banamwambia tuende, yeye anasema mungoje, Kitwa atasema."

Alichukua kikapu chake. Treni ilikuwa bado saa nzima na zaidi, lakini alikichukua. Nilikuwa bado nimepiga magoti, na Numbi alikuwa amesimama kati yetu, kikombe tupu mkononi, ananitazama. Aliniuliza kama ni kweli.

Nikamwambia ni kweli.